Kusimamia zamu katika kituo cha polisi: mwongozo kwa masajini na mainspekta

Konstebo akikosea saa nane usiku kule Nyalenda au Kaptembwa, asubuhi haulizwi yeye peke yake. Huulizwa pia nani alikuwa msimamizi wa zamu, alijua nini na alifanya nini. Mwongozo huu ni wa huyo anayetakiwa kujibu: koplo, sajini au inspekta aliyekabidhiwa wenzake, hasa katika vituo vya Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na Busia nchini Kenya, ambako watu wa kuhudumiwa ni wengi na magari ni machache. Sehemu kubwa ya usimamizi hufanyika kabla jambo halijatokea. Kazi unaweza kumgawia mwenzako, lakini kujibu hakugawiki.

1. Pokea zamu kwa macho yako

Fika dakika 30 kabla ya muda. Usipokee zamu kwa kuambiwa "kila kitu kiko sawa, afande". Anayetoka na anayeingia wazunguke pamoja: OB (daftari la matukio ya kituo) kwanza, kisha seli, silaha, magari na redio, mwisho vielelezo.

Kwenye OB soma maingizo yote ya zamu iliyopita. Tafuta mambo matatu. La kwanza ni ripoti ambayo haikupewa afisa wa kuifuatilia. La pili ni mtu aliyeandikwa kuwa amekamatwa lakini hayumo seli, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ameachiliwa au amepelekwa kortini. La tatu ni pengo kati ya maingizo, kwa kawaida lililoachwa ili mtu ajaze baadaye akishaona mambo yanavyoelekea. Pengo lipigie mstari, utie saini na saa. Kosa la kalamu hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maneno ya kwanza yakisomeka, kisha aliyekosea anatia saini kando. Karatasi ya OB haichanwi kamwe.

Seli hesabu kwa majina. Ukihesabu vichwa tu, vichwa 9 vinaweza kulingana na daftari ilhali mmoja alitoka na mwingine akaingia bila kuandikwa. Mwite kila mtu, aitike, umwone usoni na uulize kama anaumwa mahali.

Mkimaliza, andikeni ingizo moja la makabidhiano: idadi ya mahabusu, silaha, risasi, magari na mafuta yaliyomo. Tieni saini nyote wawili. Upungufu utakaoonekana baada ya hapo ni wako, kwa hiyo usione haya kukataa kusaini mpaka hesabu ikae sawa.

2. Gwaride la zamu, dakika 15

Kagua nambari ya huduma na jina kifuani, pingu, kijitabu cha mfukoni, tochi na simu ya upepo. Kagua pia mtu mwenyewe: macho, ulimi, mkono unaotetemeka. Anayenukia pombe hapewi silaha. Usimrudishe nyumbani kimyakimya ukidhani umemsaidia, kwa sababu akiumiza mtu njiani utaulizwa kwa nini ulijua ukanyamaza. Andika kwenye OB, mwarifu mkuu wa kituo, tafuta wa kujaza nafasi yake.

Maelezo yawe mafupi: nini kilitokea usiku uliopita, nani anaenda wapi, na leo ni jambo gani la kuangaliwa sana. Ukiuliza "mmeelewa?", wote watajibu "ndio, afande", hata aliyekuwa anawaza karo ya mtoto. Mchague mmoja, hasa mdogo, umwambie: "Konstebo, ukikuta watu wanampiga kijana pale stendi wakisema ni mwizi wa pikipiki, utaanza na nini?" Jibu lake litakuonyesha kama maelezo yako yamefika. Anatakiwa kuanza kwa kuita msaada kwa redio na kumtoa kijana mikononi mwao. Maswali ya wizi huja baadaye.

Katika kupanga jozi, usiweke pamoja maafisa wawili waliotoka chuo cha polisi cha Kiganjo juzi. Usiwaache wawili wale wale kwenye barabara moja miezi nenda miezi rudi. Wakizoeana sana na stendi, wenye matatu nao huzoea kuwatolea kitu kidogo, na hapo msimamizi huwa wa mwisho kujua.

3. Silaha

Hapa hakuna njia ya mkato. Silaha hutolewa mmoja mmoja, daftari likiwa wazi. Soma nambari ya bunduki kwenye chuma chenyewe, usiinakili kutoka ukurasa wa jana. Hesabu risasi zikiwa nje ya magazini, mbele ya anayepokea. Magazini ya kawaida ya G3 huchukua risasi 20 na ya AK-47 huchukua 30, lakini andika idadi uliyoihesabu, si idadi inayoweza kuingia. Anayepokea anatia saini mwenyewe. Mtu hachukulii mwenzake, hata kama mwenzake yuko chooni.

Wakati wa kurudisha, ajali nyingi husababishwa na mpangilio uliogeuzwa: mtu huvuta kwanza mkono wa kukoki bunduki ili kutoa risasi iliyo kwenye chemba, kisha ndipo anaondoa magazini. Kwa kuvuta vile ameshaingiza risasi nyingine, naye anaamini bunduki ni tupu. Mpangilio sahihi ni huu: mtutu uelekezwe kwenye mchanga au mifuko ya udongo, kidole nje ya kifyatulio, magazini itoke, ndipo avute mara mbili au tatu, aangalie chemba kwa jicho na kuigusa kwa kidole. Wewe usimame kando yake uangalie chemba pia. Risasi ikipungua hata moja, zamu haifungwi. Hakuna anayekwenda nyumbani mpaka ipatikane au mkuu wa kituo afike.

4. Seli na saa 24

Hapa ndipo wasimamizi wengi hupoteza kazi, na raia hupoteza maisha.

Anza mlangoni. Anayeletwa apokelewe na mtu mwenye jina, kwa saa iliyoandikwa, hali yake ikielezwa kwa maneno kamili. "Yuko sawa" haitoshi. Andika "ana mkwaruzo juu ya jicho la kushoto, anatembea mwenyewe, anasema anaumwa kifua." Mtu aliyeumia akiletwa, hapokelewi seli, anapelekwa hospitali kwanza na waliomkamata. Ukimpokea bila kuandika jeraha alilokuja nalo, utaonekana amelipata kwako. Ukikuta jeraha jipya kesho yake, swali la jana alikuwaje halitakuwa na jibu.

Hilo linahitaji umakini zaidi mahabusu anapotoka kaunti nyingine. Juni 2025 Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi kituo cha Central jijini Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulioongozwa na mwanapatholojia wa serikali ulionyesha majeraha ya kichwa na kubanwa shingo, yasiyolingana na maelezo hayo. Mkuu wa kituo alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji, mashtaka waliyoyakana. Kila msimamizi anayepokea au kutoa mahabusu wa safari ajiulize: nani alimkabidhi kwa nani, saa ngapi, na mwili wake ulikuwa katika hali gani? Majibu hayo yaandikwe vituo vyote viwili.

Mwambie sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Katika vituo vyetu hiyo inaweza kuwa Dholuo, Luhya, Kalenjin, Gikuyu au Kiteso, kwa hiyo jua ni nani katika zamu yako anayezungumza nini. Mpe nafasi ya kumpigia wakili au jamaa, na uandike saa aliyopiga. Mali yake ihesabiwe kwa sauti mbele yake: pesa kwa noti na sarafu, simu kwa aina na rangi, kisha atie saini. Mkanda, kamba za viatu na shali hubaki nje. Mwanamke hupekuliwa na afisa wa kike tu, na kama hayupo, subiri afike au umwite kituo cha jirani.

Wanaume na wanawake hawachanganywi. Mtoto hawekwi na watu wazima. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa hatia ya jinai, kwa hiyo huyo hana kazi seli. Mzazi au mlezi aitwe, na afisa wa watoto ajulishwe.

Sasa saa 24. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, wala si baada ya saa 24 tangu akamatwe. Zikiisha nje ya saa za korti au siku isiyo ya korti, mwisho ni kufungwa kwa siku ya korti inayofuata. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuhesabu kutoka alipoandikwa kwenye OB. Aliyekamatwa Mamboleo saa mbili usiku, akazungushwa kwenye gari hadi saa tano, saa yake ilianza saa mbili. La pili ni kugeuza wikendi kuwa adhabu. Mtu akikamatwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni, saa 24 zinaisha Ijumaa jioni korti zimefungwa, na wapo wanaofurahi kwamba sasa ni Jumatatu. Lakini Katiba imeanza na maneno "mapema iwezekanavyo". Ijumaa asubuhi korti zilikuwa wazi, na hakimu ana haki ya kukuuliza kilichokuzuia. Weka ubao karibu na daftari la mahabusu, wenye safu tatu: jina, saa ya kukamatwa, na saa ya mwisho. Kila anayepita auone.

Kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimweki mtu rumande. Mlevi wa busaa au mchuuzi aliyekamatwa kwa kosa dogo aachiliwe kwa dhamana ya polisi. Dhamana hiyo haina malipo. Dhamana ya pesa taslimu lazima iwe na risiti, na risiti iandikwe wakati pesa inapotolewa, si "utakuja kesho". Ukisikia kwamba jamaa wa mahabusu wanaitwa nyuma ya kituo kuzungumza, toka uende nyuma ya kituo.

Kagua seli kila saa moja, na kila dakika 30 kwa mlevi, mgonjwa, anayelia sana au aliyenyamaza ghafla. Mlevi alazwe kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi. Mwamshe mpaka akujibu. Anayekoroma vibaya na haamki si lazima awe amelewa: aliyegongwa kichwa, mwenye kisukari aliyezidiwa na mwenye malaria iliyopanda kichwani huonekana vivyo hivyo, na harufu ya chang'aa inaweza kuwapo juu ya ugonjwa. Akishindwa kuamka kabisa, mpeleke hospitali hapo hapo. Kisumu ni Jaramogi, ile ambayo wakazi bado huiita Russia. Nakuru ni hospitali ya rufaa ya kaunti. Andika saa ya kila ukaguzi unapoufanya. Ukaguzi wa usiku mzima ulioandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, kila moja dakika sifuri kamili, hakuna anayeuamini.

5. Kaunta

Kila mwenye kulalamika apewe nambari ya OB bila malipo. Fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha ya aliyeumizwa, nayo haiuzwi. Mara moja katika zamu, simama nyuma ya foleni dakika 10 usikilize jinsi watu wanavyopokewa.

Kesi ya ubakaji haisubiri foleni. Aliyeshambuliwa aende hospitali kwanza na maelezo marefu yafuate baadaye, kwa sababu dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema ndipo zinafaa zaidi. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo na mfuko wake. Kwenye plastiki hupata unyevu na ushahidi huoza. Kama dawati la jinsia limefungwa usiku, msimamizi ndiye wa kutafuta chumba chenye mlango. Mtu asisimulie jambo lile mbele ya watu waliokuja kuripoti kupotea kwa kitambulisho.

6. Walioko nje

Watembelee angalau mara mbili kwa zamu, saa wasizozitarajia. Kizuizi cha barabarani kisiwekwe kwenye kona wala chini ya mteremko. Dereva akione kutoka mbali, maafisa wavae jaketi zinazong'aa, na pawe na nafasi ya lori kusimama kando.

Kwa walio kwenye barabara ya Nakuru kwenda Mau Summit, jambo moja lifundishwe kila gwaride. Lori la mafuta lilipoanguka Sachangwan tarehe 31 Januari 2009, watu walikusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Anayefika kwanza kwenye lori lililopinduka kazi yake ya kwanza si kutafuta dereva mwenye makosa. Asimamishe magari pande zote mbili mbali kabisa, gari lake lisimame upande unakotoka upepo, azuie sigara na injini, awaondoe watu kwa kipaza sauti, aite zimamoto. Watu wakikataa kuondoka, aombe nguvu zaidi mapema. Asiwafyatulie risasi hewani: cheche moja karibu na mvuke wa petroli inatosha.

7. Nguvu inapotumika

Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 liko wazi: njia zisizo na nguvu zijaribiwe kwanza, nguvu ilingane na hatari, na kutii amri ya mkubwa si kinga kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Waambie maafisa wako sentensi hiyo ya mwisho kwa kinywa chako. Ni vigumu kuisema mbele ya wadogo, lakini ndiyo inayowafanya wakuamini wewe usipoamuru ovyo.

Kwa maandamano, mwandalizi humwarifu mkuu wa kituo siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Hiyo ni taarifa. Si ombi la ruhusa. Ukishaipata, kutana na waandalizi, mkubaliane njia na mtu wa kuzungumza naye kwa simu siku hiyo. Kabla ya kutoka, andika nani amebeba gesi ya kutoa machozi, mikebe mingapi, na nani amebeba silaha ya moto. Maafisa wakae katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi anayewaona wote. Hakuna anayefunika jina lake. Gesi haitupwi ndani ya nyumba, kwenye matatu wala mahali pasipo na njia ya kutokea. Angalia upepo: Kisumu mchana huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, usiku hugeuka. Hospitali ya Russia iko karibu na Kondele, na wagonjwa walio vitandani hawawezi kukimbia.

Mtoto Samantha Pendo, wa miezi 6, alijeruhiwa nyumbani kwao Nyalenda Agosti 2017 wakati wa operesheni ya polisi baada ya uchaguzi, akafa baadaye hospitalini. Uchunguzi wa mahakama ya Kisumu mwaka 2019 uliwatia polisi lawamani, makamanda wakiwamo. Mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alitangaza kuwashtaki maafisa kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Msimamizi akumbuke kwamba halazimiki kushika rungu ili aulizwe. Huulizwa kama alijua, kama angeweza kuzuia, na kama baadaye alichunguza au alifunika.

Risasi ikifyatuliwa, hata kama haikumpata mtu, afisa aripoti kwako mara moja. Mtu akiumia vibaya au akifa, fuata mpangilio huu bila kuruka. Huduma ya kwanza na gari la hospitali kwanza. Kisha linda eneo: kamba, mtu wa kuandika kila anayeingia, na maganda ya risasi yabaki yalipo. Chukua silaha iliyotumika ikiwa katika hali ile ile, hesabu risasi zilizobaki mbele ya shahidi, na uihifadhi peke yake. Watenganishe maafisa waliohusika, kila mmoja aandike maelezo yake mwenyewe. Mwarifu mkuu wa kituo na IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, papo hapo. Sheria inamtwika kazi hiyo msimamizi wa moja kwa moja, haisubiri aliyefyatua ajipeleke. Tafuta jamaa wa aliyeumia uwaambie kabla hawajaona mtandaoni. Usikae na maafisa "kupanga maelezo yafanane". Maelezo yanayofanana neno kwa neno ndiyo yanayowaangusha wote.

8. Maafisa wenyewe

Kosa dogo lirekebishe siku hiyo hiyo, kando, kwa kutaja tendo: "ulimwacha mahabusu peke yake kaunta kwa dakika tano," si "wewe ni mzembe". Likirudiwa, andika. Kosa la kumpiga mahabusu, kuomba hongo au kutishia kwa silaha halina onyo la kirafiki. Lipeleke kwa mkuu wa kituo siku hiyo, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Anayelalamika kwako kuhusu mwenzake asihamishwe zamu kama adhabu.

Panga mapumziko ya mwezi mzima kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Upendeleo wa likizo huvunja zamu kuliko uhaba wa magari. Baada ya tukio zito, ajali ya watoto au kumpoteza mwenzao, kaeni dakika 20 kabla ya kutawanyika. Katika wiki zinazofuata angalia anayekonda, anayekunywa kila siku, aliyeacha kuzungumza, anayegawa vitu vyake au anayeng'ang'ania zamu ya usiku peke yake. Mwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akikubali, au ukishuku, silaha ichukuliwe dakika hiyo hiyo bila kumwaibisha, mtu anayemwamini akae naye, na mkuu wa kituo, chaplaini au mshauri waitwe. Usimpeleke seli, na usimwache alale peke yake. Mwarifu mke, mume au ndugu yake. Silaha hairudi mkononi mwake mpaka mshauri na mkuu wa kituo wakubaliane kwa maandishi.